Mwandishi Mbele ya Wahakiki Wake: Karl Barth na Waraka kwa Warumi

Wanafunzi wetu hufundishwa namna ya kuhakiki kitabu. Namna ya kuhakikiwa hawafundishwi. Hata hivyo mchungaji aandikaye, hata kama ni kijitabu cha mafundisho ya kipaimara, hana budi kukutana na msomaji asiyekubaliana naye. Tumeona yafaa kueleza jinsi Karl Barth alivyowajibu wahakiki wake, maana majibu yake yamehifadhiwa katika dibaji za kitabu kile kile kilichohakikiwa.

Barth alikuwa mchungaji wa usharika wa Safenwil, Uswisi, tangu mwaka 1911. Ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi ulitoka ukiwa na tarehe ya 1919, nakala 1,000 tu. Mwaka 1920 Adolf Jülicher, profesa wa Agano Jipya huko Marburg, ambako Barth mwenyewe aliwahi kusoma, aliuhakiki katika jarida la Christliche Welt. Hukumu yake ilikuwa nzito: kitabu hiki chaweza kutusaidia kuuelewa wakati wetu, bali juu ya Paulo wa historia hakituongezei kitu. Wengine walimwita Barth adui wa uhakiki wa kihistoria.

Angeweza kunyamaza, au kulalamika kwamba maprofesa humdharau mchungaji wa kijijini. Katika dibaji ya toleo la pili, aliyoiandika Septemba 1921, alikiri kwamba uhakiki wa kihistoria una haki yake na ni wa lazima. Kosa la wataalamu, kwa maoni yake, ni kuishia hapo, wakauita ufafanuzi ule ulio utangulizi tu. Aliwataka wawe wahakiki zaidi, waendelee mpaka walifikie jambo lenyewe alilolisema Paulo. Jibu hili lina ukali ambao sisi tungeupunguza, kwa kuwa Jülicher alikuwa mzee na mwalimu. Hoja yenyewe ni halali.

Lakini lililo na faida zaidi kwetu ni jingine. Kitabu kile Barth alikiandika upya karibu chote. Miongoni mwa sababu alizozitaja, pamoja na kumsoma Paulo zaidi, na kuwasoma Overbeck, Kierkegaard na Dostoyevsky, ni jinsi toleo la kwanza lilivyopokewa. Na hapo asema kwamba hakiki za sifa zilimsaidia kujihukumu kuliko zile za lawama, kwa kuwa baadhi ya sifa hizo zilimtia hofu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema huyu aliposifiwa alilionja tembo lake upya, akalimwaga.

Jambo hili lataka kufikiriwa. Mhakiki anayelaumu huenda hakuelewa, na mwandishi hujifariji kwa neno hilo. Bali anayesifu lile ambalo mwandishi hakukusudia kulisema humfanya ashuku kwamba maneno yaliyochapishwa yalilibeba. (Nani kati yetu hajaambiwa mlangoni mwa kanisa, "Mahubiri mazuri sana, Mchungaji," kwa ajili ya kisa alichokitia ili kuwaamsha waliosinzia?)

Toleo la pili, la 1922, lilileta mgawanyiko ambao Barth hakuutazamia. Rudolf Bultmann, mtu wa uhakiki wa kihistoria, alilipokea kwa urafiki. Adolf Schlatter, ambaye wengi wangedhani ni jirani yake, alilikataa, naye pia kwa urafiki. Barth hakuhesabu kura. Katika dibaji ya toleo la tatu, mwaka huo huo, alilishughulikia zaidi swali la Bultmann, aliyekuwa amekubaliana naye katika mengi: je, katika Waraka huu hazisikiki roho nyingine pia, mbali na Roho wa Kristo, na je, mfafanuzi hapaswi kuzitenga? Barth alijibu kwamba maneno yote ya Paulo ni ya kibinadamu, wala hayagawanyiki mafungu mawili. Mfafanuzi na asimame pamoja na mwandishi kwa uaminifu, aandike pamoja naye na si juu yake tu. Swali hilo la Bultmann halijafungwa hata leo, na kila ahubiriye kutoka Warumi 9 hadi 11 hulijibu, ajue asijue.

Mwaka 1923 Adolf von Harnack, aliyemfundisha huko Berlin, alijadiliana na Barth hadharani katika Christliche Welt. Alimlaumu kwamba anakigeuza kiti cha profesa kuwa mimbari. Barth hakulikana shtaka: alisema kazi ya theolojia na kazi ya mahubiri ni moja.

Aliendelea kuchapisha matoleo mengine hadi la sita, mwaka 1928, bila kuyabadili maneno kwa ajili ya wahakiki. Ila mwaka 1956, katika mhadhara alioutoa Aarau kuhusu ubinadamu wa Mungu, akiwa na umri wa miaka 70, alikiri kwamba usemi wake wa siku zile ulielemea upande mmoja. Harnack alikuwa amefariki mwaka 1930, na Jülicher mwaka 1938.