Vitabu Vitoke Kabatini: Tuliyoyaona Garsen

Hivi karibuni safari ilitufikisha Garsen, pale zinapokutana njia za Malindi, Garissa na Lamu, na mama mmoja akatuomba tufuatane naye hadi shule anayosoma binti yake. Jina la shule tunalisitiri, kwani tulilolikuta haliko hapo pekee. Maktaba ilikuwapo: kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyekwenda mkutanoni Hola siku hiyo.

"Vitabu tunavyo, mama," mwalimu mwenzake alituambia kwa haya, "lakini kikipotea kimoja, wa kuulizwa ni mimi."

Hatukuweza kumlaumu. Tangu 2018 serikali hupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na nakala huhesabiwa. Juu ya hayo kuna mto wenyewe. Mafuriko ya mwisho wa 2023, kisha ya masika ya 2024, yaliwahamisha watu wengi katika bonde la Tana, na aliyekwisha kuona vitabu vimelowa hatavitoa ovyo. Hata hivyo, mchwa hawaombi ufunguo.

Nasi majumbani tuna sehemu yetu. Msahafu huuweka juu, ukiwa umefunikwa kwa kitambaa safi, na ndivyo adabu itakavyo. Ila mtoto asiyeona kitabu kingine nyumbani huenda akadhani kila kitabu huheshimiwa kwa kutoguswa. Hadithi ya sungura na fisi haitaki heshima hiyo, yataka mikono.

Jirani zetu wa Garissa, juu zaidi ya mto huu huu, walikwisha kulifumbua jambo hili. Mwaka 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilianzisha hapo maktaba ya ngamia, kwa ngamia watatu tu, ili vitabu viwafuate watoto wa wafugaji huko waliko. Hakuna rafu jangwani. Masanduku hushushwa, hema husimamishwa, mikeka hutandikwa, na vitabu hupangwa juu yake majalada yakitazama juu. Mtoto hachagui kwa kusoma migongo ya vitabu iliyobanana; huchagua kwa macho, kwa picha iliyomwita.

Basi mama yule na wenzake watatu waliporuhusiwa kujaribu, hawakununua kitu. Walileta leso mbili na kuzitundika ukutani, kisha wakafunga kamba mbele yake, chini kidogo, kwa kimo cha mtoto wa darasa la pili. Vitabu vyepesi wakaviangika kambani kwa vibanio vya nguo. Vizito vikasimamishwa juu ya maboksi. Walitoa kumi na viwili tu, wala si vyote, na wakakubaliana kubadilisha kila wiki, maana jicho huchoka na kilicho palepale. Vitabu vyenye aya za Qur'ani havikushushwa mkekani: viliwekwa mezani juu ya marufaa. Ajabu ni kwamba kilichosomwa kwanza siku hiyo hakikuwa kitabu, bali jina la leso! Wasichana walisimama wakilitamka herufi kwa herufi, wakicheka, na kutoka hapo mikono ikaenda kambani.

Wiki ya kwanza waliita "Mto Wetu": mamba, viboko, samaki, na mbega wekundu wa Tana wasiopatikana popote pengine duniani. Tuliwapendekezea wiki nyingine iwe ya nyimbo. Wimbo wa taifa letu, ulioanza kutumika 1963, ulipata lahani yake kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto, na anayetajwa katika kazi hiyo ni Mzee Meza Moroa Galana, mwana wa mto huu. Wangapi kati ya watoto wanaouimba gwaridani wajua kwamba nyanya zao waliutangulia? Kadi moja yenye habari hiyo, ikibandikwa kando ya vitabu vya mashairi, yatosha. Na pembeni pawe na jina la Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, ili wasichana waone kwamba mwanamke wa pwani hakuanza jana kushika kalamu.

Hofu ya mwalimu haikupuuzwa. Wasichana wawili wa darasa la juu walipewa daftari la kuandika nani kachukua nini. Ijumaa ya pili kitabu kimoja hakikurudi, na mama yule atuambia kwamba hakulala vizuri. Jumatatu mtoto alikileta. Nyanya yake, ambaye hajui kusoma, alikuwa amemwambia amsomee tena na tena, kisha akakifunga kwa karatasi ya nailoni kisiingie maji.

Kabati sasa lafunguliwa Alhamisi, wakati wa mapumziko. Ufunguo bado uko kwa mwalimu yule yule.