Mbuzi wa shangazi nimewapanda, mbona sivuni?

KATIKA safu hii tumezoea kucheka ya watu. Tumewacheka mabwana wanaojimwagia marashi mwisho wa mwezi, tumewacheka akina dada wanaoazima pochi ya kwendea harusini. Leo nacheka yangu. Na wewe cheka ukitaka, ila usome mpaka mwisho, maana kuna kijana wa watu nusura apigwe kwa ajili yangu.

Basi bwana, mwaka jana mwezi wa saba, wakati watoto wa kidato cha tano wanaripoti shuleni, ulikuja mkutano wa injili hapa kwetu Mugumu. Si mchezo. Maspika marefu kama mnara wa simu, jenereta, taa za rangi, na mhubiri kutoka mjini, suti nyeupe, viatu vimechongoka. Jina lake halina kazi hapa. Kitu kilichokuwa na kazi kilikuwa mfukoni mwangu: shilingi 180,000.

Hela hiyo ilikuwa mbuzi wawili wa shangazi yangu. Aliwauza mnadani ili binti yake anunuliwe godoro, sanduku la bati, madaftari na sare. Akanikabidhi mimi niende dukani kwa kuwa ndiye msomi wa ukoo. Nina cheti cha kidato cha nne. Kina division four, lakini cheti ni cheti.

Nikapita mkutanoni nikasema nasikiliza dakika tano tu. Unazijua dakika tano za Kitanzania.

Yule bwana alisema mambo mawili. La kwanza, umaskini ni laana, na laana inavunjwa kwa kupanda mbegu. Wenye mbegu ya laki wapite mbele waombewe kwa kuwekewa mikono, wa elfu hamsini wafuate, wa elfu kumi wasimame walipo. La pili ndilo lililonimaliza. Alisema ile sauti inayokusuta usiku kwamba ulikosea ni sauti ya shetani, usiisikilize, usitazame nyuma, songa mbele. Sasa mimi nilikuwa na vya kunisuta vingi, ikiwemo hela ya mtihani niliyoila kidato cha tatu nyumbani wakidhani nimelipa. Kusikia kwamba ile sauti siyo yangu, ni ya adui, nilihisi kama mtu amenitua gunia.

Tena wiki iliyofuata nilikuwa na usaili wa kazi ya uhudumu katika kambi moja ya watalii huko hifadhini. Nikapiga hesabu za haraka: nikipanda laki na ishirini leo, nikipata kazi, kwa mshahara wa kwanza namrudishia shangazi na godoro la pili juu. Nikapita mbele. Nikawekewa mikono. Nikalia. Elfu sitini iliyobaki nikanunua shati na viatu vya kwendea usaili.

Jioni shangazi akauliza vitu viko wapi. Nikamwambia nimekwapuliwa nikiwa kwenye bodaboda. Unajua alichosema? Hakuuliza hela. Alisema, "Baba, hujaumia?"

Hapo ndipo pa kusema kweli, nami nikapapita. Akauliza bodaboda gani, na mimi kwa kuwa uongo ukishaanza unataka kujazwa nyama, nikasema yule wa pikipiki nyekundu anayepaki pale stendi. Nadhani wanakula njama na vibaka, nikaongeza. Usiku ule vijana wa sungusungu wakamfuata. Huku kwetu Mara mambo ya wizi hayana lelemama; ng'ombe akiibwa nyayo zinafuatwa kijiji hadi kijiji, na nyayo zinapokomea ndipo watu wanapoulizwa. Sasa nyayo zangu za uongo zilikomea kwa yule kijana. Wakampekua, wakamweka chini mpaka saa sita za usiku. Wenzake ndio waliomtetea akaachiwa. Lakini akina mama wa mtaani kwetu waliacha kupanda pikipiki yake. Binamu yangu akaripoti shuleni wiki mbili baadaye, na godoro la kuazima.

Kazi sikupata.

Nikarudi kwa watu wa mkutano, maana walibaki wakakodi ukumbi. Nikamwuliza mmoja wa wasaidizi, mbona nimepanda na sivuni? Akanitazama kwa huruma akasema, "Ndugu yangu, labda kuna dhambi hujaitubia inaziba." Halafu akasema ningeweza kupanda nyingine, ndogo tu, ya kuzibua.

Hebu msomaji isome hiyo tena polepole. Siku ya kwanza hatia ni sauti ya shetani, tupa kule. Siku ya kuuliza mavuno, hatia ni yangu, ya kwangu peke yangu, na dawa yake ni bahasha. Waliyoifukuza mlangoni wakairudisha dirishani, na kila inapoingia kuna kiingilio.

Si jambo jipya, wala si la Kiafrika. Lugha hii ya mbegu aliieneza sana mhubiri wa Marekani, Oral Roberts wa Oklahoma, aliyefariki mwaka 2009. Na miaka zaidi ya mia tano iliyopita kule Ujerumani padri mmoja, Johann Tetzel, alizunguka akihubiri vyeti vya msamaha vya kulipia. Jambo hilo ndilo lililomfanya Martin Luther ajitokeze mwaka 1517 na hoja zake 95. Kwa hiyo ukikuta mtu anauza msamaha usiseme dunia imeisha. Biashara hiyo haijawahi kufunga duka.

Nilipolitoa hili kijiweni, wasimamizi wa akili pale kwa muuza kahawa waligawanyika. Mshikaji wangu mmoja alikuja juu. "Nyie mnawasema hawa wahubiri kwa sababu mna baba wenye mashamba. Kaka yangu alikuwa wa gongo asubuhi mpaka jioni. Hawa ndio waliomtoa. Leo ana kibanda cha chipsi. Kanisa letu la zamani lilimwambia nini? Lilimwambia maskini wana heri, akaendelea kulala mtaroni." Na mimi huyo kaka yake namjua na chipsi zake nakula. Siwezi kubisha. Mtu kuambiwa kwamba Mungu hajamkusudia matope, kuna wengine hilo limewasimamisha.

Lakini na mimi nikamkumbusha Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye ibada ya Mtume Boniface Mwamposa katika uwanja wa Majengo, watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako wakakanyagana wenyewe. Wakafa 20. Wale hawakuwa wajinga, walikuwa watu kama mimi siku ile na bahasha yangu: wana jambo limewakaba, wamesikia kuna mlango, wanaogopa usifungwe kabla hawajafika.

Mshikaji akanyamaza. Hakushindwa, alinyamaza tu.

Sasa nikaenda kwa bibi. Bibi yangu ni Mmennonite wa zamani, wa wale wanaofunga kitambaa kichwani mpaka jikoni. Kanisa lao lilianzia Shirati, kule ziwani, mwaka 1934, wakati wamisionari wa Kimarekani walipofika. Mwaka 1942 ukawakuta uamsho, ule wa walokole uliotokea Rwanda na Uganda ukasambaa Afrika Mashariki nzima. Watu walisimama hadharani wakataja dhambi zao, Wazungu kwa Waafrika. Na hawakuishia kutaja, walirudisha. Bibi anasema baba yake aliswaga mtamba siku mbili kwa miguu kumrudishia mtu ambaye hata hakujua nani alimwibia. Msomaji wa Dar es Salaam huenda usilione hilo. Huku kwetu ng'ombe akirudi mwenyewe kwa miguu, watu wanatoka nje kutazama.

Nisikudanganye, uamsho nao ulikuwa na vituko vyake. Bibi mwenyewe anakiri kwamba baadhi ya watu walitubia dhambi za jirani. Wengine walishindana nani alikuwa mwovu zaidi, na zipo ndoa zilizotikiswa kwa ushuhuda wa dakika tatu. Kutubu nako kunaweza kuwa maonyesho.

Nikamweleza bibi yote. Alikuwa anachambua dagaa, hakuacha. Nikamwambia, lakini bibi, nilitubu kwa Mungu, nililia kweli, na Mungu anasamehe. Akasema, "Mungu amekusamehe, mjukuu wangu, sina shaka. Lakini mbuzi walikuwa wa shangazi yako."

Halafu akanikumbusha yale mafundisho ya Yesu kuhusu sadaka, kwamba ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo hapo, ukapatane naye kwanza. "Wewe," akasema, "uliipeleka madhabahuni sadaka ambayo ndiyo hiyo hiyo neno lenyewe."

Nikadhani yameisha, kumbe bado. Rafiki yangu mwingine, Mlutheri, mtu wa vitabu, akanitibua. Aliniambia, "Angalia usibadilishe dirisha la malipo tu. Jana ulimlipa mhubiri ili Mungu akupende, leo unataka kumlipa shangazi ili Mungu akupende. Neema ni bure. Ukiilipia, si neema." Siku mbili sikulala vizuri. Alikuwa na hoja, na mimi ukiniambia kitu ni bure na hela sina, nakubali haraka.

Aliyenitoa hapo ni Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa juu ya mkuyu. Nilikuwa nimeisoma ile habari toka shule ya Jumapili, sikuwahi kuona mpangilio wake. Yesu anamwambia shuka, leo nashinda kwako, wakati Zakayo hajarudisha hata senti. Anapokelewa kwanza, ndipo anasimama na kusema niliowadhulumu nawarudishia mara nne. Hakununua kitu, alikuwa ameshapewa. Mtu aliyekwisha kupokelewa ndiye anayeweza kumtazama aliyemwibia usoni. Mimi muda wote ule nilikuwa nakwepa njia ya kwa shangazi na nazunguka kupitia sokoni. Nikamrudishia yule Mlutheri jibu hilo. Akasema sawa, basi nenda. Watu wa vitabu bwana.

Nikaenda. Shangazi alinisikiliza, akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Sikusamehewa kwa machozi kama kwenye sinema. Aliuliza swali moja tu: "Na yule kijana wa watu?"

Kesho yake nikaenda stendi. Nikamkuta juu ya pikipiki yake nyekundu, nikamweleza huku injini inanguruma. Hakuizima. Akauliza, "Uliwaambia akina nani?" Nikasema shangazi na sungusungu. Akasema, "Basi waambie hao hao, na mimi niwepo." Akaja abiria, akapakia, akaondoka.

Kikao cha mtaa ni Jumapili hii baada ya ibada, na kwa mwenyekiti nimeshapeleka habari kwamba nina neno. Kijiweni wananiambia nina kichaa, ningetuma hela kwa simu yakaisha. Shangazi nimeshamlipa elfu 70, bado laki na kumi. Ya makala hii nimemwomba mhariri aitume kwa simu yake mwenyewe, isipitie kwangu.