Ada ya mwezi pekee haitoshi kulinganisha huduma za filamu mtandaoni

MKAZI wa Kileleshwa, Nairobi, anayetaka kutazama filamu nyumbani hakosi huduma ya kulipia. Matangazo yamejaa kwenye simu na runinga, na mengi hutanguliza ada ya mwezi. Hata hivyo, ada hiyo ni sehemu tu ya gharama. Kuna data inayotumika, muda ambao filamu iliyopakuliwa hudumu na idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa. Zaidi ya yote, kuna swali ambalo ni rahisi kulisahau wakati wa kulipa: je, kinacholipiwa ni filamu yenyewe au ni ruhusa tu ya kuitazama?

Swali hilo halikuwepo enzi za diski. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu ya nyumbani ilimaanisha kanda ya video au DVD iliyokodishwa au kununuliwa, mara nyingi nakala isiyo halali iliyouzwa katikati mwa jiji. Iwe halali au la, diski ilibaki kabatini na ingeweza kuchezwa tena hata baada ya duka kufungwa.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2009, nyaya za mawasiliano za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia baharini. Waya wa EASSy ulifuata mwaka 2010. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na mataifa ya nje, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Baadaye kampuni kama vile Zuku, Jamii Telecom na Safaricom zilieneza nyaya za faiba hadi nyumbani. Kileleshwa, mtaa uliojulikana zamani kwa nyumba za chini zenye bustani pana, sasa una majengo marefu ya makazi kandokando ya barabara za Othaya, Mandera na Gatundu, na ni rahisi kwa kampuni kufikia wateja wengi katika jengo moja.

Netflix ilifungua huduma zake nchini Januari 6, 2016, siku ambayo iliingia katika zaidi ya mataifa 130 kwa mpigo. Bodi ya Kuainisha Filamu nchini (KFCB) iliipinga wakati huo, ikilalamikia filamu ambazo hazikuwa zimeainishwa kwa mujibu wa sheria za Kenya. Mwaka huo huo Showmax, iliyoanzia Afrika Kusini, ilikuja na vifurushi vya wateja wa Kenya, na mwezi Desemba Amazon ikapanua Prime Video hadi sehemu nyingi za dunia.

Aina tatu za huduma

Ili kulinganisha kwa haki, ni muhimu kwanza kutenganisha aina tatu za huduma ambazo mara nyingi huchanganywa.

Ya kwanza ni ya kutazama moja kwa moja kutoka mtandaoni. Picha hutiririka kadiri mtazamaji anavyoendelea, na intaneti ikikatika filamu husimama baada ya muda mfupi. Ya pili ni ya kupakua kwa muda. Filamu huhifadhiwa ndani ya simu au tableti na kutazamwa bila intaneti, lakini hufunguka kupitia programu ya kampuni husika pekee. Ya tatu ni kukodi au kununua filamu moja moja bila kulipa ada ya kila mwezi.

Netflix iliruhusu wateja wake kupakua filamu kuanzia Novemba 2016. Idadi ya vifaa vinavyoweza kuhifadhi filamu hutegemea kifurushi: kile cha bei ya chini huruhusu kifaa kimoja, cha wastani viwili, na cha juu kabisa sita. Si kila filamu inayoweza kupakuliwa, na zile zinazoweza huwa na tarehe ya mwisho. Baadhi hudumu siku saba, na nyingine hufungika saa 48 baada ya mtu kuanza kuzitazama. Mteja akisitisha malipo, filamu alizopakua hazifunguki tena.

Kwa anayekodi filamu moja, utaratibu unaotumika sana, mathalani katika YouTube, ni siku 30 za kuanza kuitazama na saa 48 za kuimaliza tangu aianze. Kwa hivyo mzazi anayekodi filamu Ijumaa usiku na kuianza papo hapo asitarajie kuwaonyesha watoto filamu hiyo hiyo Jumatatu.

Jambo jingine linalowakwaza wengi ni runinga. Filamu iliyopakuliwa kwenye simu haiwezi kunakiliwa katika kifaa cha USB na kuchomekwa nyuma ya runinga kama ilivyozoeleka kwa filamu zilizojazwa madukani. Faili yake imefungwa kwa ufunguo wa siri unaotambuliwa na programu iliyoipakua tu. Aidha, mwaka 2024 Netflix iliondoa uwezo wa kupakua kwenye programu yake ya tarakilishi za Windows. Kwa hiyo kupakua kunamfaa zaidi msafiri, au mtu anayetazama kwenye simu. Familia inayoketi pamoja mbele ya runinga sebuleni inahitaji zaidi intaneti thabiti.

Hesabu ya data

Kwa mujibu wa viwango ambavyo Netflix yenyewe hutoa, kutazama kwa ubora wa chini hutumia takriban gigabaiti 0.3 kwa saa, ubora wa wastani gigabaiti 0.7, na ubora wa juu hadi gigabaiti 3. Picha za kiwango cha 4K zinaweza kufikisha gigabaiti 7 kwa saa.

Chukua filamu ya saa mbili. Kwa ubora wa chini itatumia kama gigabaiti 0.6, kwa wastani 1.4, na kwa ubora wa juu hadi 6. Familia inayotazama filamu kumi za aina hiyo kwa mwezi itatumia kati ya gigabaiti 6 na 60, ilhali ada ya huduma ni ile ile. Kwa mwenye faiba inayolipiwa kwa mwezi, tofauti hiyo haigusi mfuko mara moja. Kwa anayenunua bando za simu, gharama ya data yaweza kuizidi ada ya filamu kwa mbali.

Suluhisho ni rahisi. Katika mipangilio ya programu nyingi za filamu mna sehemu ya kuchagua ubora wa picha, na nyingine ya kuzuia upakuaji hadi simu itakapounganishwa na Wi-Fi. Kwenye kioo kidogo cha simu, wengi hawatatambua tofauti kubwa kati ya ubora wa wastani na wa juu.

Kasi nayo huleta mkanganyiko. Kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa filamu hupimwa kwa megabaiti au gigabaiti. Baiti moja ni biti nane. Mteja mwenye kasi ya megabiti 5 kwa sekunde atahitaji takriban dakika 27 kupakua gigabaiti moja, hata mambo yakienda sawa. Mwenye megabiti 15 atahitaji kama dakika tisa. Septemba 2024, kwa mfano, Safaricom iliongeza kasi ya kifurushi chake cha nyumbani cha Sh2,999 kutoka megabiti 10 hadi 15 bila kupandisha bei.

Kutazama moja kwa moja hakuhitaji kasi kubwa kama inavyodhaniwa. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa picha safi ya kiwango cha 1080p na 15 kwa 4K. Lakini kasi hiyo hugawanywa. Iwapo mtoto anacheza michezo ya mtandaoni, mama yuko kwenye mkutano wa video na baba anatazama filamu, ni lazima mahitaji yao yajumlishwe. Mpangaji wa ghorofa anafaa pia kuuliza mapema ni kampuni zipi za faiba zilizofika katika jengo lake, kwani katika baadhi ya majengo huwa ni moja tu.

Hata faiba nzuri haina kinga dhidi ya hitilafu. Mnamo Mei 2024, intaneti ilipungua kasi Kenya na katika mataifa jirani baada ya nyaya za EASSy na SEACOM kukatika baharini. Umeme ukipotea, kifaa cha Wi-Fi nacho huzimika isipokuwa kiwe na betri ya akiba. Hapo ndipo filamu iliyopakuliwa mapema huwa na thamani.

Bei isiyoonekana

Baadhi ya huduma za kigeni hutoza kwa dola. Ada ya dola sita iligharimu takriban Sh960 mwanzoni mwa 2024, dola moja ilipokuwa karibu na Sh160. Miezi michache baadaye, shilingi ilipoimarika hadi karibu Sh130, ada ile ile ilikuwa kama Sh780, mbali na makato ya benki. Huduma inayotoza kwa shilingi humkinga mteja dhidi ya misukosuko hiyo. Kwa asiye na kadi ya benki, Safaricom na Visa zilianzisha mwaka 2022 kadi isiyoshikika ya M-Pesa inayoweza kulipia huduma za kimataifa.

Aidha, mazoea ya jamaa kutumia nywila moja yamebanwa. Mwaka 2023 Netflix ilianza kudai, katika mataifa mengi, kwamba akaunti moja itumiwe na watu wa nyumba moja. Ndugu wawili, mmoja Kileleshwa na mwingine Kisumu, wasipange bajeti wakitegemea kugawana ada.

Orodha ya filamu ni suala jingine. Anayetaka kazi za Wakenya aangalie ziliko kabla ya kulipa. Tamthilia ya Country Queen ilionyeshwa na Netflix kuanzia Julai 2022, na Crime and Justice ilionyeshwa na Showmax mwaka 2021. Tamthilia iliyo katika huduma moja kwa kawaida haipatikani katika nyingine, na haki za kuonyesha filamu zikiisha, filamu huondolewa.

Huduma zenyewe pia huja na kuondoka. Iflix ilifika Kenya mwaka 2017, na miaka michache baadaye haikuwepo tena. Netflix ilianzisha kifurushi cha bure kwa simu za Android nchini Kenya mnamo Septemba 2021, kisha ikakifunga Novemba 2023. Showmax ilizinduliwa upya Februari 2024 kwa programu mpya, na mnamo Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ikakamilisha ununuzi wa MultiChoice, kampuni mama ya huduma hiyo. Mabadiliko ya aina hiyo huweza kugusa bei, programu na orodha ya filamu. Ni busara mteja kuthibitisha hali ya huduma kabla ya kulipia miezi mingi kwa pamoja.

Hata neno "nunua" halina uzito lililokuwa nalo dukani. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria iliyoanza kutekelezwa Januari 1, 2025, ambayo inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waeleze wazi kwamba mnunuzi anapewa leseni, na kwamba leseni hiyo yaweza kuondolewa. Isipokuwa pale muuzaji anapotoa faili isiyo na kufuli, hali ni hiyo hiyo kwa mteja wa Nairobi.

Wapo wanaoona kero hizi na kukimbilia tovuti za kupakua filamu bila idhini. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi za filamu, na marekebisho ya 2019 yaliweka utaratibu wa kuwataka watoaji wa huduma za intaneti wazuie nakala haramu. Isitoshe, tovuti hizo mara nyingi hujaa matangazo ya hila na programu hatari zinazoweza kuiba nywila, zikiwemo za benki.

Kwa familia inayoanza, hatua ya busara ni kulipia huduma moja kwa mwezi mmoja pekee na kuzima malipo ya kujirudia. Katika mwezi huo iandike filamu ilizotazama, data iliyotumika na mara ambazo upakuaji uligoma. Wenye watoto waweke pia namba ya siri na kuchagua umri unaofaa katika wasifu wa kila mtoto, kwani mipangilio hiyo haijiweki yenyewe. Ikiwa kufikia mwisho wa mwezi filamu zilizotazamwa ni mbili au tatu tu, huenda kukodi moja moja kukawa nafuu kuliko ada yoyote ya kila mwezi.