Mgeni wa Dar: Uongo na Kweli za Daladala na Mwendokasi

Anayekwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza huagwa kwa mawaidha ya kila mtu, hata ya wasiowahi kufika. Bila shaka nawe umeyasikia. Tuyapime.

"Basi la mkoani linaishia Ubungo." Si kweli tena. Tangu 2021 stendi kuu ni ya Magufuli, Mbezi Luis, ambayo ukitokea Morogoro unaifikia kabla ya Ubungo. Ushauri huu ulikuwa sahihi miaka mingi, ndiyo maana bado unatembea.

"Mbezi ni Mbezi tu." Si kweli, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko upande wa bahari, Barabara ya Bagamoyo. Mwenyeji wako akisema "njoo Mbezi", usipande gari kabla hajataja ipi. Kinyume chake pia kipo: utasikia konda akiita Simu 2000 na mwingine Mawasiliano, kumbe ni stendi ileile. Soma kibao cha daladala pande zote mbili, inakotoka na inakokwenda, kisha muulize abiria mwenzako. Wazee waliosema kuuliza si ujinga walisema kweli.

"Konda hupanga nauli kwa kukutazama usoni." Si kweli. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa urefu wa njia, na mgeni hulipa sawa na mwenyeji. Kinachostahili kukukera ni kukatisha ruti: gari limeandikwa Kariakoo, linakushusha njiani, unalipa tena kwingine. Hilo ni kosa. Dai nauli yako.

"Mabasi ya mwendokasi hayakai foleni." Nusu kweli. Njia ya Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kazi 2016, ni ya mabasi hayo peke yake. Lakini jioni foleni ya watu iko kituoni, na mvua kubwa ikinyesha Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, huduma ikasimama. Masika, uliza hali ya Jangwani kabla ya kulipa.

"Ukitaka kiti, geuza na gari." Kweli kabisa. Wenyeji hupanda daladala inayoelekea mwisho wa njia, wakageuka nayo wakiwa wameketi. Konda atadai nauli ya kwenda na ya kurudi, na ni haki yake. Kwa mwenye mtoto mgongoni anayekwenda Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni, pesa hiyo ni ndogo.