Mbegu na Udongo katika Saratani ya Utumbo Mpana

Mwaka 1889 tabibu mpasuaji wa London, Stephen Paget, aliandika kwamba saratani huenea mwilini mfano wa mbegu: huchukuliwa kila upande, lakini huota penye udongo uifaao tu. Yeye aliitazama saratani ya matiti. Katika utumbo mpana tashbihi hiyo imezidi maana, kwani hapo mbegu na udongo hupelekeana habari. Neno saratani lenyewe, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni kaa, lamwonyesha mtu miguu ijipenyezayo nyamani. Halimwonyeshi nyama ikimkaribisha kaa huyo.

Ukuta wa utumbo mpana umefunikwa kwa ndani na utando wa seli zilizopangana bega kwa bega, wenye vishimo vidogo visivyohesabika. Chini ya kila kishimo hukaa seli mama, na kwa hizo utando hufanywa upya kila baada ya siku chache. Nyuma ya utando ipo nyama ya tegemeo, yenye mishipa ya damu na seli zifumazo nyuzi. Jina la "tegemeo" halitoshi, maana laashiria kitu kisichotenda neno. Kumbe ni seli hizo zifumazo zitoazo, pamoja na nyingine, kemikali za jamii ya Wnt, ziamurishazo seli mama zigawanyike.

Katika saratani nyingi za utumbo huo jeni iitwayo APC, ambayo huizuia amri hiyo, huwa imeharibika, hata seli hutenda kana kwamba amri haikomi. Ingedhaniwa kwamba seli ya namna hiyo haina haja tena na jirani. Sivyo. Mwaka 2010 wataalamu wa Amsterdam walionyesha kwamba seli za saratani zilizo karibu na seli zifumazo hupokea kwao kemikali ya HGF, na amri ya Wnt huzidi nguvu ndani yake.

Ajabu zaidi ni habari ya TGF-beta. Seli nyingi za saratani hii ni viziwi kwa ishara hiyo, lakini huitoa kwa wingi; jirani husikia, naye hujibu kwa kutoa interlukini-11, isaidiayo seli zilizohama zisife ugenini, kama vile inini. Mwaka 2015 uchunguzi wa Barcelona na wa Torino ulibainisha kwamba alama nyingi za jeni zilizobashiri hatari kwa mgonjwa zilitoka katika nyama ya tegemeo, si katika seli za saratani zenyewe. Na mwaka 2018, panya walipozuiliwa ishara ya TGF-beta, seli za kinga ziliweza kuingia ndani ya uvimbe na kuushambulia.