Ekari Ile Ile, Maji Yale Yale, Mavuno Zaidi

Ndugu wakulima wa Lupaso, na ninyi nyote wa Masasi na Newala, leo tuzungumze juu ya mpunga.

Huku kwetu mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba. Huisha Aprili au Mei. Kisha ni jua. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi nyingi ni ya mchanga. Maji huzama upesi. Huko mkorosho, muhogo na mbaazi huvumilia. Mpunga hauvumilii. Mpunga unataka udongo unaoshika maji. Ndiyo maana tunaulima mabondeni.

Mvua ikikatika mapema, mpunga hukauka kabla ya kuzaa. Penye kijito au chemchemi, wanakijiji wanaweza kuchimba mfereji mdogo na kuokoa mpunga wao. Katika mkoa wetu wa Mtwara, wakulima wa Kitere hulima mpunga kwa maji ya mfereji.

Lakini mfereji peke yake haujazi ghala. Wakulima wawili wanaweza kutumia mfereji mmoja. Mashamba yao yanapakana. Mmoja anavuna gunia 13 kwa ekari, mwingine gunia 27. Kwa nini?

WAKULIMA WA ILONGA

Tazameni mfano wa Ilonga, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Huko wakulima wadogo hulima mpunga wa umwagiliaji. Wachache kati yao walichaguliwa wakapewa mafunzo ya kilimo bora cha mpunga. Mafunzo hayo yalisaidiwa na Japani. Kisha waliwafundisha wenzao.

Watafiti walipima mavuno kwa miaka mitano. Mwaka 2008, kabla ya mafunzo, wakulima waliochaguliwa walivuna tani 3.1 kwa hekta. Hizo ni karibu gunia 16 kwa ekari, kila gunia kilo 80. Mwaka 2012 walivuna tani 5.3 kwa hekta. Hizo ni karibu gunia 27 kwa ekari.

Je, wakulima wengine? Wao hawakuingia darasani. Walijifunza polepole kwa kuwaona na kuwauliza majirani. Mavuno yao yalipanda kutoka tani 2.6 hadi tani 3.7 kwa hekta. Yaani kutoka gunia 13 hadi karibu gunia 19 kwa ekari.

Mashamba hayakuongezwa ukubwa. Kilichobadilika ni namna ya kulima. Walitumia mbegu bora na mbolea. Pia walitengeneza kingo, walisawazisha majaruba na walipanda kwa mistari. Mbegu na mbolea hununuliwa. Lakini kingo, kusawazisha na mistari ni kazi ya mikono yetu wenyewe.

KAZI ZENYEWE

Kwanza, chagua mbegu. Tia chumvi katika ndoo ya maji mpaka yai bichi lielee. Mimina mbegu humo. Punje tupu zitaelea. Zitoe. Zilizozama ndizo mbegu. Zioshe vizuri kwa maji safi, kisha ziloweke.

Pili, sawazisha jaruba. Fungulia maji kidogo. Maji yenyewe yatakuonyesha palipoinuka na palipo na shimo. Toa udongo palipoinuka, ujaze shimo. Jaruba lisilo sawa hunywa maji mengi bure. Upande mmoja miche huzama. Upande mwingine hukauka na majani huota.

Tatu, jenga kingo imara, uzibe matundu ya panya na kaa. Ukitia mbolea katika jaruba linalovuja, mbolea yako itakwenda kwa jirani.

Nne, pandikiza miche ikiwa bado michanga, ya wiki tatu hivi. Miche iliyozeeka kitaluni haitoi machipukizi mengi. Tumia kamba yenye mafundo. Acha sentimeta 20 kati ya shina na shina, na kati ya mstari na mstari. Hiyo ni karibu shibiri moja. Weka miche miwili au mitatu kila shimo. Usipande fungu zima.

Tano, palilia mapema, kabla majani hayajashinda mpunga. Ukipanda kwa mistari, unaona wazi lipi jani na upi mpunga.

Sita, usizamishe mpunga. Baada ya kupandikiza, maji ya vidole viwili au vitatu yanatosha. Mpunga unapotoa maua, usiuache ukauke. Wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, toa maji.

MAJI NI YA WOTE

Mkulima asiyetunza maji hajidhuru peke yake. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, mkoani Kilimanjaro, ulikamilika mwaka 1987. Mavuno ya mpunga yalipanda sana. Watu wa sehemu za juu za mto walipoona faida, nao walifungua mashamba ya mpunga. Walichepusha maji. Maji yakapungua kwa wakulima wa chini, kama wale wa Chekereni. Mashamba mengine yaliyotengenezwa kwa gharama kubwa yalikosa maji.

Hili ni fundisho kwetu. Bonde dogo lina maji madogo. Wanaotumia mfereji mmoja wawe na kamati moja, na zamu za maji zinazojulikana. Zamu ziandikwe. Siku ya kusafisha mfereji watoke wote, wa juu na wa chini. Mkulima wa juu akiacha maji yapotee usiku kucha, mwenzake wa chini atanunua chakula.

TUMIA KALAMU YAKO

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Itumie elimu hiyo shambani. Mali bila daftari huisha bila habari.

Andika siku za kazi, za kwako na za familia yako. Andika kilo za mbegu, fedha ulizotumia, na gunia ulizovuna. Tuseme msimu uliopita ulifanya kazi siku 60, ukavuna gunia 6. Kila gunia lilikula siku 10. Msimu huu umepanda kwa mistari. Umefanya kazi siku 72, ukavuna gunia 9. Kila gunia limekula siku 8. Kazi imeongezeka, ni kweli. Lakini kila siku yako ya kazi imezaa zaidi. Bila daftari, ungekumbuka uchovu wa mgongo tu.

Fanya vivyo hivyo kwa fedha. Kama mbolea imekugharimu zaidi ya thamani ya mpunga ulioongezeka, daftari litakuambia. Hapo mwone bwana shamba au bibi shamba, mtafute kasoro iko wapi. Pengine jaruba linavuja. Pengine ulichelewa kupalilia.

ANZENI NA JARUBA MOJA

Msibadilishe shamba zima kwa msimu mmoja. Chagueni jaruba moja karibu na njia, mahali ambapo wengi hupita. Lisawazisheni. Lipandeni kwa mistari. Jaruba la pili lilimeni kama mlivyozoea. Siku ya mavuno, pimeni yote mawili mbele ya watu.

Kisha jadilianeni:

1. Jaruba lipi limetoa mpunga mwingi zaidi?
2. Kila jaruba lilitumia siku ngapi za kazi?
3. Maji yanapotea wapi katika mfereji wetu, na nani atapaziba?