Omena ikifungwa Kenya, mfugaji wa kuku Mwanza ajipange

MFUGAJI wa kuku anayejichanganyia chakula mwenyewe huifuatilia bei ya dagaa kila wiki. Dagaa wakipanda, faida ya mayai hushuka. Lakini bei hiyo haitegemei tu wingi wa samaki ziwani. Inategemea pia vibali na amri za nchi tatu.

Ziwa Victoria limegawanyika kati ya Tanzania yenye asilimia 51, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikisimamisha uvuvi wa dagaa, ambao wenyewe huwaita omena, kuanzia Aprili hadi Julai ili wapate kuzaliana. Walaji wa Kisumu na Nairobi hawaachi kula kwa sababu hiyo. Wachuuzi huvuka mpaka wa Sirari kutafuta mzigo wa Musoma na Mwanza, na wengine huelekea Uganda. Miezi hiyo huanza wakati wa masika, ambapo dagaa hukauka kwa shida na wengine huharibika mchangani. Mahitaji huongezeka wakati mzigo mzuri ni haba.

Samaki wenyewe nao wanategemeana. Sangara hula dagaa, na nyavu za dagaa zenye macho madogo zikivutwa karibu na ufukwe huzoa watoto wa sangara. Mvuvi wa dagaa anaweza kumpunguzia kipato mvuvi wa sangara bila wawili hao kukutana.

Kinyume chake pia kinawezekana. Mwaka 2018 Tanzania iliendesha Operesheni Sangara dhidi ya nyavu haramu na samaki wachanga. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimeta 50. Mwenye mtumbwi akibanwa kwenye sangara, anaweza kuhamia kwenye taa na wavu wa dagaa. Hapo idadi ya wavuvi ziwani haijapungua, ila imehama.

Ndiyo maana nchi hizo ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka 1994, lenye makao yake Jinja, Uganda, ili sheria zao zioane. Hata hivyo, kila nchi bado hutoa leseni zake.

Mfugaji na mchuuzi wanaweza kujiandaa. Kwanza, nunua dagaa kabla ya Aprili, waliokaushwa kwenye vichanja na si mchangani, kwani mchanga huongeza uzito na hauna lishe. Wahifadhi pakavu, juu ya mbao. Pili, muulize mtaalamu wa mifugo namna ya kufidia sehemu ya dagaa kwa mashudu ya soya au alizeti. Tatu, anayetaka kuuza Kenya akate mapema leseni ya kusafirisha mazao ya uvuvi. Mzigo ukizuiwa mpakani, hasara ni ya mwenye magunia.